Corolla 110 inayochemsha mlima wa Inyala: hedi ilisingiziwa

Gari ni Toyota Corolla 110, injini ya 5A-FE, gia za mkono. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mchele: anashuka Igurusi na Chimala kukusanya mzigo, anapanda nao Mbeya kuuza Mwanjelwa. Malalamiko yake ni kwamba linachemsha, ila si popote wala si wakati wowote. Mjini likiwa tupu halina neno. Usangu tambarare linakwenda hata na magunia. Balaa linaanza likiacha bonde na kukwea kuja Inyala, na likifika Uyole akikutana na foleni, maji yanafurika kwenye chupa ya akiba na mvuke unatoka pembeni mwa boneti.

Alipokuja gereji kwetu alishaambiwa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda. Hakuleta gari litengenezwe, alitaka kusikia kauli ya pili kabla injini haijafunguliwa. "Fundi, hela ya hedi ninayo," alisema, "ila nijue naitoa kwa sababu gani."

"Mzee, kabla ya hedi, nieleze gari lilianzaje na wenzangu walifanya nini."

Swali hilo mafundi wengi hatuliulizi kwa sababu linaonekana kama kuchimba makosa ya wenzetu. Kwa gari linalochemsha, lakini, historia ni nusu ya vipimo. Na ya hili ilikuwa hivi. Lilichemsha kwa mara ya kwanza msimu wa mavuno ya mpunga. Gereji ya kwanza ikatoa thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji yakipata moto, na kuitupa. Akapata nafuu kwa muda, kisha mlima ukamkamata tena. Gereji ya pili ikaunga feni moja kwa moja, ukiwasha ufunguo nayo inazunguka hadi uzime. Haikusaidia. Akauziwa rejeta, yaani kipoza maji cha mbele ya injini, ya mtumba. Haikusaidia pia. Hapo ndipo hedi ikatajwa, maana kila kingine kilikuwa kimeguswa.

"Na mfuniko wa rejeta?"

"Ni ule ule. Waliutoa kwenye rejeta ya zamani wakauweka kwenye hii."

Nikamuuliza na hita. Mwezi wa saba Mbeya, asubuhi, mtu mwenye hita nzima anaijua. Akasema siku hizi haitoi joto mpaka afike mbali, mshale wa joto unalala chini kabisa, na mafuta yanakwenda kuliko zamani. Gari lenye ubaridi asubuhi na kuchemka mchana linaonekana kama lina magonjwa mawili yanayopingana. Nitalirudia hilo, kwa sababu ndilo lililotuonyesha njia.

Kwanza niseme kuhusu mahali tulipo, maana vitabu vya matengenezo havikuandikwa kwa ajili ya Uyole. Maji yanachemka nyuzi 100 pwani, ambako hewa inayakandamiza kwa uzito wake wote. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, na kiwango cha kuchemka kinashuka kama nyuzi moja kwa kila mita 300. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, Uyole inakaribia 1,800. Huku kwetu maji yaliyo wazi yanachemka yakifika nyuzi 94 tu. Mama yeyote aliyehama Kyela kuja Mbeya anajua maharage yake yanakaa jikoni muda mrefu zaidi, na si kosa la maharage: maji yanatokota kabla hayajawa na moto wa kutosha kuyaivisha.

Rejeta inalikwepa tatizo hilo kwa mfuniko. Ule mfuniko ni vali yenye springi, si kizibo. Ule ulioandikwa 0.9 unazuia maji yasitoke mpaka presha ya ndani ifike karibu bar 0.9 juu ya presha ya nje. Ukiwa mzima, hapa Mbeya maji hayachemki mpaka yafike kama nyuzi 115. Ukifa kabisa, unarudi kwenye 94. Sasa weka pembeni yake kipimo kingine: swichi ya feni ya Corolla hizi huwasha feni joto likifika kama nyuzi 93. Fundi wa Dar es Salaam mwenye mfuniko uliokufa ana pengo la nyuzi saba kati ya feni kuwaka na maji kuchemka, na pengine gari lake litamvumilia miezi. Wa Mbeya ana pengo la nyuzi moja. Ndiyo maana mtu anaweza kununua gari Dar, likatembea vizuri huko kote, likapita Kitonga kwa shida na likamwaibisha Makambako, akaanza kulaani injini.

Tulianza uchunguzi alfajiri, gari likiwa limelala baridi. Hapa sina mjadala na mtu: mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa kinene, hata kwa kufungua kidogo kidogo. Maji ya nyuzi 105 yanakuwa maji mpaka pale unapoachia presha; baada ya hapo yanageuka mvuke usoni kwako.

Nilipoufungua, maji ndani ya rejeta yalikuwa chini ya shingo kwa urefu wa vidole vinne hivi. Chupa ya akiba, kwa upande wake, ilikuwa imejaa hadi juu ya mstari wa FULL. Kijana anayejifunza kwetu aliiona chupa akasema maji yapo. Nikamwambia atazame vyote viwili kwa pamoja. Injini ikipata moto maji yanatanuka, yanasukumwa kwenda kwenye chupa. Ikipoa yanasinyaa, na kile kivali kidogo cha katikati ya mfuniko kinatakiwa kufunguka ili maji yarudi. Chupa ikijaa huku rejeta ina upungufu, maji yanakwenda na hayarudi. Kila safari mwenye gari anatazama chupa, anaona imejaa, anaondoka akiwa na amani, na injini inazidi kukauka.

Nikaugeuza mfuniko. Mpira wake wa chini ulikuwa umekuwa mgumu kama plastiki, una mstari uliochimbika wa duara kufuata shingo ya ile rejeta ya kwanza. Kivali cha katikati, ambacho unatakiwa kukivuta kwa kucha kikarudi chenyewe, kilikuwa kimeganda kwa kutu. Tuliufunga kwenye pampu ya kupimia presha, yenye geji, ukaanza kupumua kabla mshale haujafika hata 0.3. Kwa viwango vya Toyota mfuniko unaofunguka chini ya 0.6 ni wa kutupa. Kwa presha hiyo ya 0.3, maji ya gari hili yalikuwa yanachemka kwenye nyuzi 102 au 103, na mlimani na mzigo, maji yanayozunguka vali za ekzosi ndani ya hedi yanapita hapo bila shida.

Mwenyewe aliposikia mfuniko akacheka, kwa hasira kidogo. Nami sikutaka aondoke na mfuniko mpya peke yake, kwa sababu mbili. Injini iliyochemka mara nyingi inaweza kweli kuwa imepinda hedi, hata kama chanzo kilikuwa kitu kidogo. Na mfuniko haukueleza ule ubaridi wa asubuhi.

Tukaanza na hedi, kwa kuwa ndiyo iliyoshtakiwa. Aliyemwambia hedi imekufa alitoa ushahidi mmoja: moshi mweupe kwenye ekzosi asubuhi. Jamani, Mbeya mwezi wa saba kila gari linatoa moshi mweupe asubuhi. Ni mvuke wa kawaida unaoganda kwenye baridi, unapotea injini ikipata moto. Moshi wa maji yanayoingia kwenye silinda unaendelea hata injini ikiwa ya moto, una utamu fulani puani kama gari lina kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya kupozea injini), na maji yanapungua bila kuonekana yanakovujia. Hili la kwetu lilikauka ekzosi baada ya dakika chache.

Vipimo vyenyewe vilikuwa hivi. Tulijaza rejeta, tukapampu mfumo mzima hadi 0.9, injini ikiwa baridi na imezimwa, tukauacha. Mshale ulikaa. Tukatoa plagi zote nne tukazungusha injini kwa stata: hakuna silinda iliyorusha maji. Plagi zilikuwa na rangi inayofanana. Silinda inayoingiza maji huwa plagi yake imeoshwa, safi kuliko wenzake. Tulipowasha, tuliweka mkono kwenye paipu ya juu tangu sekunde za mwanzo. Hedi ikipitisha gesi, paipu inakuwa ngumu wakati injini bado ya baridi kabisa, maana kinachoijaza ni moto wa silinda, si joto la maji. Hii ilibaki laini. Mapovu machache yalitoka shingoni mwanzoni, yakaisha. Hewa iliyokuwa imekwama hutoka hivyo. Mapovu ya gesi hayaishi, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka. Tukamalizia na dawa ya bluu inayopitishiwa hewa ya shingoni, ambayo ikikutana na gesi ya ekzosi hugeuka njano. Ilibaki bluu.

Kompresheni nayo ina mtego wake huku juu. Silinda zote zilisoma kati ya psi 145 na 152, na aliyezoea namba za pwani angesema injini imechoka. Hewa ya Mbeya ni pungufu kama asilimia 18 kuliko ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila injini huku inasoma chini. Kwa kutafuta hedi, kinachoangaliwa ni tofauti. Silinda mbili zinazokaa jirani zikiwa chini pamoja, gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, imetoboka katikati yake. Hapa zote zilikuwa karibu sawa. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, haina rangi ya maziwa. Hedi tukaiacha ilipo.

Tukashuka nalo Inyala tukalipandisha tena likiwa tupu, mimi na mwenyewe tu. Tulikuwa na bunduki ya kupimia joto. Ukiielekeza kwenye alumini inayong'aa inasoma chini ya ukweli, na ukiielekeza kwenye paipu ya mpira unapima mpira, kwa hiyo tunabandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye shingo ya chuma na kupima juu ya tepu. Tulipofika juu, maji yanayotoka injini yalikuwa nyuzi 96. Yanayorudi kutoka kwenye rejeta: 55.

Mwenyewe akafurahi, akasema rejeta inapoza vizuri. Mimi ndipo niliposhtuka. Tofauti ya nyuzi 40 maana yake maji yanayopita kwenye rejeta ni machache na yanapita polepole mno, yanapoa kupita kiasi wakati mengine yote yanazunguka kwenye injini bila kupoa. Ama rejeta imeziba ndani, ama pampu imechoka, ama maji yana njia ya mkato. Mkanda unaozungusha pampu haukuwa umelegea na pampu haikuvuja wala kulia. Tulifungua rejeta, tukaijaza kwa ndoo tukaachia paipu ya chini: maji yalimwagika kwa nguvu, tope kidogo la kutu, basi. Ikabaki njia ya mkato.

Thamostati ya injini hii inafanya kazi mbili, na watu wengi wanaijua moja. Ina sahani ya mbele inayofungua njia ya rejeta maji yakifika kama nyuzi 82. Nyuma yake ina sahani nyingine ndogo. Kadiri ya mbele inavyofunguka, hii ya nyuma inasogea kwenda kuziba tundu la maji yanayozunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta. Injini ikiwa baridi tundu hilo linahitajika, maji yazunguke na kupata moto haraka. Ikiwa ya moto linatakiwa lizibwe. Ukiitoa thamostati, njia ya rejeta inabaki wazi na tundu la mkato nalo linabaki wazi, na maji, kama kitu chochote kinachosukumwa, yanafuata njia nyepesi. Asubuhi injini haipati moto kwa sababu sehemu ya maji inapita kwenye rejeta tangu mwanzo. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, inaona injini ni baridi, nayo inaendelea kumimina petroli. Mchana mlimani injini inazalisha joto jingi, na rejeta inapata sehemu tu ya maji. Magonjwa mawili yanayopingana, chanzo kimoja. Toyota wenyewe katika maelekezo yao ya matengenezo wanakataza kuitoa hata kama injini inachemsha.

Sitaki kuwatukana mafundi kwa hili. Desturi ilitoka kwenye magari ya zamani, ambayo mengi njia yake ya mkato ilikuwa ndogo au haikutegemea thamostati, ukiitoa gari linapoa kweli. Na thamostati iliyogoma ikiwa imefunga inaua injini kabisa, kwa hiyo kuitoa barabarani ili ufike nyumbani ni akili. Ubaya ni kuitoa gereji, kuitupa, na kumwambia mteja kuwa nchi zetu ni za joto hazihitaji. Mtu anayesema hivyo Mbeya sijui analala na mablanketi mangapi.

Lakini kumbuka gari lilianza kuchemsha kabla thamostati haijatolewa. Mfuniko ulikuwa umeshaanza kufa, hilo halina shaka, na lilikuwapo jambo la tatu ambalo hatukuliona mpaka rejeta ilipotoka. Kati ya kondensa ya AC, inayokaa mbele, na rejeta kuna nafasi ndogo, upana wa kidole. Ilikuwa imejaa pumba za mpunga. Pumba zimeshikana na vumbi la Usangu na wadudu, zimekuwa blanketi lililofunika zaidi ya theluthi ya chini ya rejeta. Aliyebadilisha rejeta aliiona kondensa ikiwa safi kwa mbele akairudishia. Kwa nje huwezi kuona kitu, mpaka umulike tochi kutoka nyuma na kutazama kama mwanga unapita. Anayesimama mashineni Igurusi wakati wa kukoboa, injini ikiwa inaunguruma na feni inavuta, anavuta na pumba. Feni iliyoungwa moja kwa moja ilikuwa inavuta pumba muda wote, hata pale ambapo ingekuwa imezima. Matengenezo ya pili yaliongezea ugonjwa wa kwanza.

Matengenezo yalikuwa mafupi kuliko maelezo. Pumba tulizisukuma kwa maji ya bomba kutoka upande wa injini kwenda nje, presha ndogo. Mashine ya kuoshea magari ingelaza mapezi ya rejeta. Thamostati mpya ya nyuzi 82, tuliichemsha kwanza kwenye sufuria na kipimajoto kuona inafunguka, kwa sababu dukani kuna mpya ambazo hazifunguki. Kile kipini chake kinachochezacheza kikakaa juu, ndipo hewa inapopitia. Mfuniko mpya wa 0.9, na hapa pana jambo la kuangalia unaponunua: mifuniko ya Kijapani ina shingo za vina tofauti. Mfupi kwenye shingo ndefu unafunga vizuri kwa macho na haukandamizi kitu. Ubonyeze, usikie springi inapambana kabla ya kuzunguka mara ya mwisho.

Maji ya kutu tulimwaga, tukasafisha hadi yakatoka meupe, tukaweka kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri. Bloku ya injini hii ni chuma na hedi ni alumini. Maji matupu yanakula vyote viwili, na kutu hiyo ndiyo iliyogandisha kivali cha mfuniko. Kulanti pia inapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa, na kwa anayelala Makete wakati wa barafu inazuia maji kuganda ndani ya bloku. Tulijaza taratibu, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, pua ya gari imeinuliwa kwenye kilima, mpaka hewa ikatoka yote.

Feni tuliirudisha kwenye swichi yake. Swichi yenyewe haikuwa imekufa. Kwenye Corolla hizi ukichomoa plagi ya swichi huku ufunguo umewashwa, feni inatakiwa izunguke, kwa hiyo waya ukikatika feni inawaka badala ya kulala. Aliyeiunga moja kwa moja angejaribu hilo kwa sekunde tano angejua feni nzima, rilei nzima.

Mwenyewe alilijaribu kwa kazi yake, magunia nyuma, kutoka Igurusi saa nane mchana. Tulimkuta Uyole. Maji ya kutoka injini nyuzi 94, ya kurudi 82, feni ikawaka, ikazima, mshale chini kidogo ya katikati. Chupa ya akiba ilipanda kidogo, na asubuhi yake ilikuwa imerudi kwenye mstari, rejeta imejaa hadi shingoni. Namba za joto zilimfurahisha mwenyewe, mimi nilikuwa naisubiri hiyo chupa.

Nilimwachia mambo mawili. Msimu wa mpunga, kila akitoka mashineni amulike tochi kati ya kondensa na rejeta. Na mshale ukipanda kisha ukashuka ghafla gari likiwa bado linahangaika mlimani, asiseme limepoa: sensa inasoma maji, na maji yakiisha inabaki kwenye hewa na kusoma chini huku hedi inaungua. Hapo azime pale pale, hata kama ni katikati ya Inyala, aweke pembetatu yake na kupiga simu.

Rejeta ya mtumba aliyouziwa bado iko kwenye gari. Ile ya kwanza ameipeleka kwa fundi wa kuchomelea aikague, na anadhani haikuwa na kasoro.